Barua ya wazi kwa vijana wa baraza la Ngamiani, Tanga, mnaohesabu pointi za kuhamia Kanada

Assalaam alaykum wanangu,

Nilifika salama. Edmonton nimeikuta na theluji ya magotini, na mama yenu anawasalimu. Tangu nishuke kwenye ndege nina deni lenu moyoni. Usiku ule wa mwisho pale Barabara ya Nane mlinizunguka kwa maswali mpaka kahawa ikapoa, nami nikawajibu nusunusu kwa sababu alfajiri nilikuwa na safari. Mmoja wenu akanionyesha daftari lake lenye jalada la kijani. Alikuwa amepiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto sifa zake, kulia pointi, na chini kabisa amezungushia duara namba 429. Akaniuliza, "Mzee, hizi zinatosha?" Nikamwambia tutaongea. Basi tuongee, na kwa kuwa wengine nanyi mliniuliza hilohilo kwa maneno tofauti, namjibu kila mmoja mbele ya mwenzake.

Kwanza acheni kusema "nipo kwenye foleni". Foleni ilikuwa yetu sisi. Mimi niliomba mwaka 2005, faili la karatasi lenye uzito wa mfuko wa sukari, likaenda ubalozi wa Kanada Nairobi. Siku hizo ukipata pointi 67 kati ya 100 umefaulu, kisha unakaa unasubiri zamu yako, na zamu yenyewe haijulikani inafika lini. Mwaka 2012 serikali ya Kanada ikapitisha sheria ya kuyafuta mafaili yaliyoingia kabla ya tarehe 27 Februari 2008 na bado hayajaamuliwa. Watu wakarudishiwa ada zao. Umesubiri miaka mitano, umekataa kazi, umeahirisha kujenga, halafu unaambiwa foleni imevunjwa. Mimi nilikuwa nimeshapita, lakini ninao rafiki ambao hawakupita.

Express Entry, yaani mfumo wa kompyuta wa kuchagua wahamiaji ulioanza 1 Januari 2015, ni mambo mengine. Ifananisheni na mnada wa samaki pale Deep Sea. Samaki wote wanamwagwa chini, na mnunuzi hamuulizi nani alitangulia kufika. Anaangalia changu mnono. Zile 67 bado zipo kwa anayeomba akiwa nje, lakini sasa zinakufungulia mlango wa mnadani tu. Ukiwa ndani unapangwa upya kwa kipimo cha pointi 1200, na siku ya droo, yaani siku ya kuchagua wa kualikwa, wanakata kuanzia juu. Jina lako linakaa humo miezi 12, halafu linatoka na inabidi uliingize tena. Kusubiri hakukuongezei kitu. Kunakupunguzia, kwa sababu umri ni pointi: asiye na mwenza anapata 110 akiwa na miaka 20 mpaka 29, akifika 35 anabaki na 77, akifika 40 ana 50, na 45 ni sifuri.

Sasa ile 429. Niliikokotoa upya ndani ya ndege, nyuma ya kile kikaratasi cha kuingilia. Umri 110, shahada 120, lugha 124, na 75 za kuunganisha Kiingereza na elimu na uzoefu wa kazi. Hesabu ya kijana ni sahihi kabisa. Tatizo lake ni kwamba ameijenga juu ya mtihani ambao hajaufanya. Nilimuuliza IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kafanya lini, akacheka: "Mzee, mimi nimesoma chuo kikuu kwa Kiingereza."

Mwanangu, hapo ndipo wengi wanapoanguka, na hawaanguki kwa kuongea. Wanaanguka kwenye kuandika. Ili upate hizo 124 unatakiwa kusikiliza upate bendi (ndiyo alama za mtihani huo) 8, na kusoma, kuandika na kuongea upate 7 kila moja. Tuseme yote umeyapata isipokuwa kuandika, umepewa 6.5. Nusu bendi. Kwenye pointi za lugha unapoteza 8, ambazo si nyingi. Lakini zile 75 za kuunganisha zinataka stadi zote nne zifike daraja hilo, na moja ikibaki nyuma zinashuka mpaka 38. Jumla umepoteza 45, na daftari lako linasoma 384. Mtu anahangaika miaka miwili kutafuta shahada ya pili, kumbe pointi zake zimelala kwenye insha ya dakika 40. Kaa mezani na saa, andika, mpe mtu mkali asahihishe, rudia. Na ni ule mtihani wa General Training, si wa wanafunzi wa vyuo. Majibu yake yanahesabika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye kabla tathmini ya vyeti na barua za kazi hazijakaribia kukamilika.

Nisiwafiche: hata 429 kamili haifiki mbali kwenye droo za jumla. Mwaka 2024 zile za jumla zilikatwa juu ya 500. Lakini tangu 2023 wanafanya pia droo za makundi, kama watu wa afya, mafundi, na tangu 2025 walimu, na kundi linalochekewa kuliko yote ni la wanaojua Kifaransa. Tarehe 29 Februari 2024 droo ya Kifaransa ilishuka mpaka 336.

Wewe wa Kigoma uliyesoma Bujumbura, uliyekaa kwenye kona usiku kucha unachezea kikombe. Wenzako walikutania kwa ile "r" yako, ukanyamaza. Nyote mle barazani, wewe ndiye mwenye mzigo. Ukifanya mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, ukafika daraja la 7 la kipimo cha lugha cha Kanada katika stadi zote nne, na Kiingereza chako kikiwa angalau daraja la 5, unaongezewa pointi 50 juu ya zile za lugha ya pili, na juu ya hapo unaingia kwenye droo zao. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wameshalijua hili. Wengine mnaweza kuanza kujifunza, ila msidanganywe na matangazo ya miezi mitatu. Ni kazi ya mwaka na zaidi kwa mtu anayeanzia *bonjour*. Ipo na njia ya kuteuliwa na jimbo, ambayo peke yake ina pointi 600, lakini jimbo linachagua linayemhitaji, na Quebec wana utaratibu wao kabisa nje ya huu.

Hayo ni ya kompyuta. Kompyuta inaamini ulichojaza. Ukialikwa unapewa siku 60 za kupeleka ushahidi, na hapo anakaa mtu, anasoma karatasi moja moja. Barua hii nimeiandika hasa kwa ajili ya huyo mtu.

Mimi nilipoomba nilikuwa watu watatu. Cheti cha darasa la saba kilisema Athumani, cha chuo Othman, pasi ya kusafiria Uthman. Sikuona tabu, nyumbani nani asiyejua ni jina moja? Faili langu likarudi na maswali, nikapoteza miezi minane nikitafuta viapo. Kagueni majina yenu leo, na tarehe za kuzaliwa, cheti cha RITA kikiwa mbele yenu. Aliyepunguziwa miaka ili aingie shule asirekebishe kwa fomu ya Kanada. Arekebishe nyumbani kwanza, kwa njia ya sheria.

Barua za kazi nazo. Mwenzenu alinionyesha ya kwake: "Tunathibitisha kuwa alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu na tunamtakia kila la heri." Hiyo ni barua ya kwendea kuposa. Afisa anataka tarehe ya kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na kazi ulizokuwa unafanya, moja baada ya moja, kwenye karatasi ya kampuni yenye sahihi na anwani. Halafu msijivike vyeo. Yule wa duka la vifaa vya ujenzi anataka kujiandika mhasibu. Keshia hahesabiwi katika mpango huu, ndiyo, lakini nilipomhoji kumbe jioni ndiye anayefunga vitabu, anapatanisha hesabu za benki, anaandaa marejesho ya VAT. Kazi ya kutunza vitabu inatambulika! Haina haja ya uongo. Bosi wake aandike anachokifanya kweli, basi.

Sasa lile ambalo sikuweza kulisema barazani kwa sababu kulikuwa na wakwe na mashemeji.

Kuna ndugu yetu hapa, sitamtaja wala mji sitautaja. Kabla ya ndoa alikuwa amezaa binti Pangani. Mkewe hakujua. Alipojaza fomu akaandika watoto wawili wa ndoa, wa tatu akamwacha, akajiambia nitamchukua baadaye mambo yakikaa sawa. Alifika, mambo yakakaa sawa, na mama wa yule binti akafariki. Akaenda kuomba kumleta mwanawe. Sheria ya Kanada inasema mtoto ambaye hukumtaja na hakupimwa ulipokuwa unahamia, huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Alikataliwa. Mkewe sasa anajua, na ndiye aliyesaidia kuandika rufaa, maskini. Haikusaidia. Siku za Jumapili ukipita kwake utamkuta ndani ya gari lililoegeshwa mlangoni, injini inaunguruma kwa ajili ya joto, simu imeegemezwa kwenye usukani, anaongea na binti yake. Anasema hawezi kuongea naye sebuleni.

Wanangu, andikeni kila mtoto. Wa ndoa, wa nje, anayekaa kwa bibi, ambaye mama yake hamsemeshani. Aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala hajaolewa anahesabika, awe mnasafiri naye au anabaki nyuma, na apimwe afya hata kama haji. Kama mkeo hajui, mwambie kabla ya fomu. Ni usiku mmoja mgumu. Na yule anayemlea mtoto wa marehemu dada yake asimwandike kama wa kuzaa; wanaweza kuomba kipimo cha DNA. Sikusema kumlea si uzazi mbele ya Mungu. Nasema fomu inauliza kitu kingine. Mwenye wake wawili naye anijie pembeni, maana huku anatambulika mmoja.

Ukikamatwa na uongo, uwe wa cheti, barua au mtoto, unafungiwa miaka mitano usiombe. Na vishoka hawafungiwi nawe. Anayekuambia ana ofa ya kazi ya kukuongezea pointi, mwambie pointi za ofa ya kazi zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, kwa sababu watu walikuwa wanaziuza na kuzinunua. Anayelipwa kukushughulikia lazima awe wakili au mshauri aliyesajiliwa na bodi yao ya washauri wa uhamiaji, na orodha ya majina iko wazi, mtafute mwenyewe. Kwa kweli kazi hii mtu aliyetulia anaweza kuifanya bila wakala.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Kuanzia Julai 2025 mtu mmoja anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 15,263, familia ya watu wanne 28,362, na kiwango hubadilika kila mwaka. Msipakie fedha za watu kwenye akaunti wiki moja kabla. Benki inaandika wastani wa miezi sita, na za kukopa hazikubaliki. Mke na watoto wanahesabiwa hata wakibaki Tanga.

Kuhusu maisha ya huku nitaandika siku nyingine. Kwa leo jueni kwamba karatasi ya ukaazi haikupi leseni ya uuguzi wala ya udaktari, na mimi mkaguzi wa hesabu nilipanga maboksi ghalani usiku kwa miaka mitatu kabla sijarudi kwenye kalamu.

Mwenye daftari la kijani, iache hiyo 429, ila andika pembeni 384 kwa penseli, mpaka siku majibu ya mtihani yatakapotoka. Wa duka la vifaa vya ujenzi, nitumie barua yako kabla bosi hajagonga muhuri. Nakuja tena baada ya Idi Kubwa, inshallah. Mwambieni muuza kahawa nakumbuka ananidai vikombe vinne na kashata.

Wasalaam,
Mzee wenu, Athumani