Butura ya gemu

Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Kumbe ubishi wetu wa Krismasi hujausahau! Bado unashikilia kwamba kampuni ikiifungia gemu yake ya video kwenye mashine moja ya kuchezea, isipatikane kwingine, imefanya ujanja, maana mteja hana pa kukimbilia. Siku ile nilikupinga kwa kelele tu. Leo umeme upo na chai ipo, ngoja nikupinge kwa hesabu.

Tulikosea tangu mwanzo kwa kuchanganya watu wawili. Kuna mwenye mashine, yaani Sony ya PlayStation (ya tano ndiyo PS5), Nintendo ya Switch na Microsoft ya Xbox. Halafu kuna mwenye gemu tu, kama Square Enix au Capcom, ambaye hana mashine hata moja. Mwenye mashine anakula pande zote. Gemu ya mwingine ikiuzwa kwenye duka lake la mtandaoni, kwa kawaida anakata asilimia 30. Kwa hiyo ukinunua PS5 kwa sababu ya Spider-Man, Sony haihesabu Spider-Man peke yake. Inajua utanunua na gemu mpya ya mpira kila mwaka, wanao watataka mavazi ya wahusika wa gemu ya Fortnite, na kila ukilipa fungu lake linabaki. Spider-Man ni chambo, na mvuvi hapigi mahesabu ya faida kwenye chambo.

Mwenye gemu tu hana ndoano. Yeye chambo ndiyo samaki wake.

Wewe Mhaya utanielewa nikisema butura. Kahawa ingali maua mtini, ada ya shule imefika, anatokea mtu na fedha mkononi, mnapatana. Usiku huo unalala vizuri. Ikifika msimu wa kuvuna, mibuni ni yako na kahawa ni yake. Mkataba wa kufungia gemu una harufu hiyohiyo: unahakikishiwa kitu mapema, kisha mavuno ya kwanza unayaacha kwa mashine moja.

Mfano ninaoupenda ni Square Enix na mfululizo wao wa gemu za Final Fantasy. Juni 2023 walitoa Final Fantasy XVI kwenye PS5 tu. Wiki ya kwanza nakala milioni tatu, ukijumlisha zilizopelekwa madukani na zilizopakuliwa. Ungesema wamepata. Lakini kwenye kompyuta gemu hiyo ilifika Septemba 2024, miezi 15 baadaye, na kwenye Xbox ikafika 2025. Unajua mwenyewe gemu inavyopoa. Wiki ya kwanza kila mtu anaizungumzia, mwezi wa tatu watu wako kwingine, na hadithi yote wameshaiona YouTube. Final Fantasy VII Rebirth, sehemu ya gemu ya zamani iliyotengenezwa upya, nayo ikatoka Februari 2024 kwa mtindo huohuo. Mei mwaka huo kampuni yenyewe ikakiri kwamba gemu zake kubwa hazikuleta faida iliyotarajiwa, ikatangaza mpango wa miaka mitatu wa kupeleka gemu zake kila mahali: Nintendo, PlayStation, Xbox na kompyuta. Hayo si maneno yangu mimi mbishi, ni ya wenye mali.

Utaniuliza, mbona zamani iliwezekana? Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa ya PlayStation na dunia nzima ikaifuata. Kweli. Ila enzi zile kila mashine ilikuwa na matumbo yake, kuhamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine ilikuwa karibu kuijenga upya. Siku hizi ukiifungua PS5 na Xbox unakuta ni binamu wa kompyuta, chipu zote za AMD. Kuhamisha bado ni kazi, lakini si kubomoa nyumba. Na PS2, PlayStation ya pili, iliuzwa zaidi ya milioni 150. Ukijifungia humo, umejifungia kwenye soko la Kariakoo. Final Fantasy XVI ilipotoka, PS5 zilikuwa kama milioni 40.

Gharama nazo zimepaa. Mwaka 2023, serikali ya Marekani ilipokuwa mahakamani kuizuia Microsoft isinunue Activision, kampuni kubwa ya gemu, nyaraka za Sony zilitolewa zikiwa zimefutwa kwa kalamu nyeusi. Wino ukawa mwepesi, watu wakasoma chini yake: kutengeneza gemu ya Sony ya The Last of Us Part II kulikula dola milioni 220, Horizon Forbidden West milioni 212. (Nilicheka sana. Kampuni zenye mawakili wa bei mbaya zimeangushwa na makapeni.) Fedha kama hizo hazirudi kwa kuchagua wateja.

Hata mwenye mashine ameanza kulegeza. Microsoft iliahidi dola bilioni 68.7 kwa Activision, na sasa gemu za Microsoft zinabisha hodi kwa jirani Sony: Sea of Thieves, Indiana Jones, Forza Horizon 5. Oktoba 2025 wakatangaza kwamba Halo yenyewe, gemu iliyoitambulisha Xbox, inakwenda PS5. Halo! Sony nayo Februari 2024 ilitoa Helldivers 2 kwenye PS5 na kompyuta siku moja, ikauza milioni 12 ndani ya wiki 12, na mwaka uliofuata ikaipeleka Xbox. Gemu ya kucheza na wenzako mtandaoni ni kama daladala, bila abiria haitoki kituoni. Halafu wakajikwaa: Mei 2024 walipotaka kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, gemu ikaondolewa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi, yetu ikiwemo. Sharti lenyewe walilifuta baada ya siku chache tu za kelele.

Nintendo nakuachia. Hao Mario wao hahamii PlayStation wala Xbox, Switch imepita milioni 150, na sina la kuwafundisha. Ila angalia, Nintendo ni mwenye mashine na mwenye gemu kwa pamoja, na mashine yao watu wanainunulia gemu zao wenyewe. Usiniletee mfano wao ukimtetea Square Enix.

Sasa swali lako la mwisho, kama uongeze Xbox kwenye kibanda chako cha kuchezesha gemu. Usiongeze. Vijana wako wanalipia mechi, na mpira wanaocheza upo kwenye mashine zote. Hizo gemu nyingine ulizokuwa unazitamani zinakuja zenyewe kwenye PS5 uliyonayo. Hiyo fedha nunua padi mbili mpya, ile ya kushoto inavuta upande mmoja tangu nilipokuja na ndiyo sababu ulinifunga 4–1. Salimia mama, mwambie senene nilizila zote njiani.

Wako,
mbishi wa Krismasi