Kabla hujapanda boti kwenda visiwani

Swahiba wangu,

Meseji yako nimeisoma juzi usiku, nikairudia tena asubuhi. Nimefurahi sana kwamba hio kazi ya kutathmini uvuvi kule visiwani wamekupa wewe, maana we unajua kusikiliza watu na kazi hii nusu yake ni kusikiliza. Umeniuliza fomu gani nzuri ya kuandikia samaki wanaoshushwa. Ntakutumia, hamna shida, ila kuna jambo nataka ulijue kabla hujapanda boti, nikaona nikikutumia sauti ya dakika mbili ntakua sijakutendea haki ndo maana nimekaa chini kuandika. Jambo lenyewe ni hili: kilo za samaki peke yake zinadanganya. Usiziamini mpaka ujue zimevuliwa wapi, kwa masaa mangapi, na samaki wenyewe walikua na urefu gani.

Nakwambia hivi kwa uchungu sababu mi mwenyewe zilishanidanganya. Kazi yangu ya kwanza ya visiwani nilikaa ufukweni mwezi mzima na mizani, kila mtumbwi ukiingia napima naandika, napima naandika, mwisho nikagawa kilo kwa idadi ya safari nikaona mbona haijashuka ukilinganisha na rekodi za nyuma, nikaandika kwenye ripoti kwamba hali ni nzuri. Kulikua na mzee mmoja pale alikua anakaa karibu na mimi karibu kila jioni, akaniambia zamani tulikua tunavua hapo mbele tu unapoona maji yanabadilika rangi, siku hizi vijana wanaenda mpaka mwamba wa nje kabisa, wanatoka usiku. Nilimsikia. Sikuandika, fomu haikua na sehemu ya kuandika hicho kitu. Miaka michache baadae ule mwamba wa nje nao ukaisha, na ripoti yangu ilikua bado inasomwa. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Yaani kilichotokea ni kwamba safari moja ya zamani ilikua masaa matatu na safari moja ya sasa ni masaa kumi na mbili, mi nazihesabu zote "safari moja". Kwa hiyo fomu ntakayokutumia ina sehemu ya saa ya kutoka, saa ya kurudi, wamevua wapi, watu wangapi ndani ya chombo, chombo gani cha kuvulia. Zijaze zote hata kama wavuvi wana haraka, tena ukikosa muda bora uache mizani kuliko uache hizo.

Na usidhani ni kosa la wageni kazini kama nilivyokua mimi. Kule Newfoundland, Canada, walikua na wataalamu wazuri na takwimu za miaka mingi, lakini meli kubwa za kukokota nyavu ziliendelea kupata samaki vizuri huku cod, samaki wa maji baridi waliokua wanavuliwa sana kule, wanapungua baharini, sababu waliobaki walikua wanajikusanya pamoja na meli zilikua na vyombo vya kuwatafuta. Mwaka 1992 ilibidi wafunge uvuvi huo, watu kama 30,000 wakakosa kazi. Sasa kama pale ilifichika, je kwenye kisiwa ambacho boti inafika mara moja kwa wiki na karani wa samaki hayupo?

Hili la samaki kujikusanya ndo ulichunge sana huko uendako. Chewa wengi wana tabia hio, mwaka mzima kila mmoja yuko kwenye pango lake, halafu miezi michache wanasafiri kutoka mbali kwenda kutaga sehemu moja siku za mwezi mpevu. Mvuvi akiipata sehemu hio siku hizo anajaza mtumbwi na anaona bahari ina neema, kumbe ndo chewa wote wa eneo zima wako pale. Little Cayman kwenye Karibi mwaka 2001 waligundua mkusanyiko kama huo wa chewa wa Nassau, wanakadiria walikua kama 7,000, misimu miwili tu wakavuliwa kama 4,000. Kilichonipa moyo ni kwamba serikali ya kule ilifunga sehemu hio 2003 na watafiti wakaendelea kwenda kila mwaka kuhesabu, kwa video na kwa kuwawekea alama, na chewa wakarudi polepole, ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kumi! Kwa hiyo waulize wazee mapema, kistaarabu, ni mwezi gani chewa wanajaa mayai na wanapatikana upande gani, na wakishakuambia, wewe usiiweke hio sehemu kwenye ramani ya ripoti ikasomwa na kila mtu. Siri ya namna hio ukiitoa wewe ndo umewamaliza.

Haya tuje kwenye urefu, hapa ndo nina mengi.

Huko hutakua na rekodi za miaka ishirini nyuma, hutakua na meli ya utafiti, pengine hata umeme wa kuaminika hamna. Ila ubao wa kupimia samaki utakua nao, na ubao ukiutumia vizuri unakuambia mengi kuliko mashine. Kila jamii ya samaki ina urefu ambao nusu yao wanakua wameshaanza kuzaa. Kama wengi wanaoshushwa hawajafika urefu huo basi wanavuliwa kabla hawajaacha watoto, huhitaji hesabu ndefu kuliona. Rainer Froese, mtaalamu wa samaki, mwaka 2004 alishauri watu waangalie mambo matatu tu: wangapi kati ya waliovuliwa wameshakomaa, wangapi wako kwenye urefu mzuri wa kuvuliwa, na wangapi ni wale wakubwa kabisa wanaotaga sana. Mi napenda hesabu hii sababu unaweza kuieleza kwa mvuvi yeyote kwa kuchora mchangani akaielewa palepale akaanza kubishana na wewe, na akibisha ujue ameelewa.

Wale wakubwa usiwadharau. Changu mwekundu wa Ghuba ya Mexico, jike moja la sentimita 61 lilikadiriwa kuwa na mayai sawa na majike 212 ya sentimita 42. Ukitazama kwa macho unaona samaki mmoja kamzidi mwenzie nusu tu ya urefu. Halafu kuna hawa chewa na pono, wengi wao wanaanza maisha majike wakikua wanageuka madume, kwa hiyo mkuki wa usiku ukichagua wakubwa tu unaweza kubakisha majike yasiyo na dume wa kutosha, na kilo zako hazitakuonyesha hilo hata siku moja.

Ipo pia njia ya kuchukua urefu tu ukakadiria uwezo wa kutaga uliobaki ukilinganisha na bahari isiyovuliwa. Ukishuka chini ya asilimia 20 ni hatari, wengi wanalenga 30 mpaka 40. Kaskazini ya Palau, nchi ya visiwa kwenye Pasifiki, wavuvi wenyewe walifundishwa kushika ubao na kupima, na matokeo yakawasaidia kukubaliana sheria zao, ndo maana nakusisitiza usipime peke yako, tafuta vijana wawili watatu wa palepale waendelee hata ukiondoka. Ila njia hii ina mitego. Usichanganye dema na nyavu na mkuki kwenye fungu moja, kila kimoja kinachagua samaki wake. Na pima kabla samaki hawajachambuliwa, sababu wale wakubwa mara nyingi wanatolewa pembeni mapema kwa mnunuzi, ukija kupima kilichobaki utasema bahari haina wakubwa kumbe wako kwenye barafu.

Waombe wanaopasua samaki wakuitie wakiona mayai. Wanajua kuliko sisi, wanashika matumbo kila siku.

Na wanawake wanaoenda miambani maji yakitoka, kuchokoa pweza na kuokota chaza na kombe, hao kila tathmini inawasahau sababu hawana chombo cha kusajili na hawashushi pale ulipokaa. Nenda nao maji ya bamvua hata mara tatu. Pweza tena ni habari nyingine kabisa na chewa, anakua haraka ajabu, anaishi karibu mwaka hivi, jike likishaangua mayai linakufa. Ndo maana Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, mwaka 2004 walipofunga eneo lao la pweza kwa miezi michache walipofungua wakakuta wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Sasa mtu akisikia hio anataka kufunga miezi michache kila kitu. Chewa miezi michache si chochote kwake labda uwe umefunga ile miezi anayotaga. Sheria lazima ifuate maisha ya mnyama mwenyewe, usikubali wakubwa zako waandike sheria moja kwa wote.

Vilevile usijumlishe visiwa. Tristan da Cunha, watu kama 250 tu katikati ya Atlantiki ya kusini wanaoishi kwa kamba koche, kila kisiwa kina kiwango chake cha kuvua. Machi 2011 meli ilipopasuka kwenye kisiwa chao cha Nightingale ikamwaga mafuta, walifunga visiwa viwili vilivyoguzwa zaidi badala ya kukisia juu ya vyote kwa mkupuo. Kama huko kwako kuna visiwa vinne andika majedwali manne, hata kama mawili yatakua na mistari michache. Mistari michache ya kweli inatosha kuanzia.

Kitu cha mwisho, na hapa nakuomba kabisa: usiondoke hujawarudishia. Tenga siku mbili za mwisho, chora samaki kwa ukubwa kwenye karatasi kubwa, waonyeshe wangapi walikua chini ya urefu wa kuzaa, halafu nyamaza wazungumze wao. Mi sikufanya hivyo ile mara ya kwanza, ningefanya yule mzee angesimama mbele ya watu wote akasema habari ya mwamba wa nje na ripoti isingetoka vile.

Ukifika nitumie urefu wa samaki wa wiki ya kwanza hata kama ni hamsini tu, tuangalie pamoja kabla wiki ya pili haijaanza, pengine kuna kitu unakosea ambacho bado kinarekebishika. Ubao nimeshakutengenezea, wa sentimita 80, mistari nimeichora kwa kisu sio kwa peni ili maji yasiifute, nautuma kesho. Samaki atakaezidi hapo mnyooshee kamba, piga fundo, upime kamba baadae. Usimuache bila kupimwa.

Wako,
wa siku zote