Theluji Ile Si ya Ulaya

Marrakech, Januari

Mama, shikamoo.

Ujumbe wa Doto nimeupata. Ya mashine ya mtumbwi nitayasema mwishoni. Kwanza hili la kikao. Kwamba Baba mdogo alisimama mbele ya shangazi zangu wote, akaonyesha picha yangu kwenye theluji, akasema Moroko ni jangwa, basi Kulwa kashavuka, yuko Ulaya anakula hela peke yake. Limeniuma, Mama. Na wewe ukanyamaza.

Pale ni Oukaïmeden, milima ya Atlas, saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka ninapolala. Siku hiyohiyo mjini nilitembea na shati, michungwa ya barabarani imejaa matunda. Ila kule ni zaidi ya mita 2,600, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka digrii 6 hivi. Mvua ya Atlantiki ikifika huko inadondoka nyeupe, kama unga wa muhogo unaochekechwa. Jua likirudi inayeyuka, inaingia mitoni, wakulima wa huku chini wanamwagilia.

Mbona Baba mdogo kakaa Moshi miaka yote ile? Kibo hakuiona? Na Kilimanjaro iko karibu na ikweta kuliko huku! Tofauti ni kwamba yetu inaletwa na masika na vuli, hii ya huku inakuja na majira ya baridi, kiangazi inakwisha. Yule mmisionari Mjerumani, Rebmann, alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, kiongozi wake aliiita "baridi" tu. Wasomi wa London wakambishia miaka. Alikuwa amesema kweli.

Na mjue nilipanda kufanya nini. Mwalimu wetu wa maji alichagua wanafunzi wanne wa kupima kina cha theluji, na mgeni nilikuwa mimi tu. Mimi, wa Igombe! Kifaransa chenyewe nilianza kukisoma hukuhuku. Hilo nalo lisemwe kikaoni. Koti la pichani ni la Mguinea ninayekaa naye. Baridi ya chumbani nimeizoea.

Jioni nawaza karabai za dagaa zikiwaka ziwani, Doto akiwa huko na mtumbwi unaokwenda kwa kasia. Nimemtumia laki mbili. Ndizo nilizonazo, nyingine Machi.

Michembe yetu ya viazi vikavu ukipata mtu wa kuniletea, usiweke kidogo.

Barua hii Baba mdogo asomewe yote, shangazi wakiwepo.

Mwanao,
Kulwa