Joto la turbo halipungui kwa kung'oa mabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea yaliyoenea katika gereji za hapa Dodoma, ya kujaribu kupunguza joto chini ya boneti kwa kung'oa vitu ambavyo mtengenezaji wa gari aliviweka kwa makusudi. Magari yenye turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa zaidi ndani ya injini, yamekuwa mengi mjini, kuanzia Subaru Forester za vijana hadi Land Cruiser za dizeli, na kila ifikapo Oktoba na Novemba wenye magari hayo hulalamika kwamba boneti haishikiki, mipira ya kupitishia maji na mafuta inakakamaa na gari linakosa nguvu mlimani.

Malalamiko hayo ni ya kweli. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, na katika gari la petroli linalokanyagwa mafuta kwa muda mrefu moshi huo unaweza kufikia nyuzi joto 900. Mji wetu nao uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ijaze injini hewa ileile, na hewa inayoshindiliwa zaidi hutoka ikiwa ya moto zaidi. Maji matupu, ambayo wengi bado wanayajaza badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), yakiwa wazi huchemka hapa kwenye nyuzi joto 96 hivi, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wenye springi nzima, kifaa ambacho ni nadra mtu kukikagua.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni mabati ya kukinga joto. Karibu kila gereji niliyowahi kuingia ina pembe yenye rundo la mabati membamba yaliyokunjwa kufuata umbo la turbo na manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini), matundu yake ya bolti yakiwa yametanuka kwa kutu. Bati likilegea hugonga, mwenye gari hulalamikia kelele, fundi hulivua, kelele inakwisha na wote wawili wanaridhika. Kumbe bati lile, pamoja na nafasi ndogo ya hewa iliyo nyuma yake, ndilo lililokuwa likirudisha mnururisho wa joto ulikotoka usiifikie mipira ya mafuta, nyaya na betri. Nafasi hiyo ya hewa ni sehemu ya kinga yenyewe, kwa hiyo hata bati lililorudishwa kwa kufungwa na waya hadi likagusa bomba halisaidii kitu. Kuweka bolti mpya na washa pana (kipande bapa cha chuma chenye tundu katikati) juu ya tundu lililotanuka ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake haifikii hata robo ya bei ya mpira mmoja halisi wa turbo.

Wapo wanaoinua boneti upande wa kioo kwa kupachika washa chini ya bawaba, wakiamini kwamba joto litatokea hapo. Gari likiwa limesimama, au likiwa kwenye foleni, ni kweli joto litatoka kiasi. Lakini likishika kasi katika barabara ya Kibaigwa, upepo hugonga kioo na kujenga mgandamizo mkubwa mahali hapohapo, hivyo badala ya hewa ya moto kutoka, ya nje huweza kuingia na kuzuia mkondo unaotoka kwenye rejeta. Zaidi ya hayo, matundu ya kuingizia hewa ndani ya gari mara nyingi yako pale pale, na harufu ya oili inayoungua huwafikia abiria.

Kuzungushia ekzosi utepe wa nyuzi za kioo sikukatai moja kwa moja, kwa sababu kwenye bomba linalotoka nyuma ya turbo utepe huo hupunguza joto kwa kiasi cha kuonekana. Kwenye manifodi ya chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, hata hivyo, hubana joto ndani ya chuma na unaweza kukipasua. Na kama gasketi ya kifuniko cha vali inavuja, utepe hunyonya oili kama utambi wa koroboi, na moto wa gari huanzia hapo. Avujishaye oili azibe kwanza.

Kuhusu kung'oa thamostati, yaani vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, nitasema machache. Katika injini nyingi za Toyota, kikombe cha chini cha thamostati ndicho kinachoziba njia ya mkato ya maji isiyopita kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa.

Kwa vumbi letu la kiangazi, kazi inayolipa kuliko zote ni kusafisha uwazi ulio kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi (wavu wa mbele unaofanana na rejeta), ambako vumbi na wadudu hushikana kama tope lililokauka, na maji yanayopigwa kutoka mbele hayafiki. Inabidi kulegeza kondensa na kupitisha maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini. Plastiki ya chini ya injini nayo irudishwe, kwani katika magari mengi ndiyo inayoongoza hewa. Dereva anayetoka safari ndefu aiache injini iunguruke taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iliyomo ndani ya turbo isiungue ikageuka masizi.

Napendekeza pia kwamba fundi anapovua bati au plastiki yoyote, amkabidhi mwenye gari kitu hicho pamoja na bolti zake, na aandike kwenye risiti kilichovuliwa na sababu yake. Wenye magari nasi tuidai risiti hiyo kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Kisasa, Dodoma