Huyo mzee wa kwenye ngazi ana jina

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo ofisini. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita, ile makala ya mastaa watoto wa Hollywood ya zamani. Makala nimeisoma yote na mengi mmeyapatia, ila mlipofika kwenye filamu ya The Little Colonel ya mwaka 1935 mmeisifia densi ya kwenye ngazi kana kwamba Shirley Temple kaibuni mwenyewe, na yule anaecheza nae mmemuita mtumishi mweusi, basi, hamna jina wala nini. Tena picha mliyoweka imekatwa pembeni, anaonekana mtoto ameshikwa na mkono, mwenye mkono hayupo.

Jamani yule ni Bill Robinson, wenzake walimuita Bojangles, na hiyo densi ni ya kwake. Alikua akiicheza kwenye majukwaa ya Marekani miaka mingi kabla Shirley hajazaliwa, manake Shirley kazaliwa 1928 na Robinson alishajulikana nchi nzima kwa kupanda na kushuka ngazi huku viatu vyake vinaongea. Ye mwenyewe kazaliwa 1878 Richmond, Virginia, wazazi wakafariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake ambae alishawahi kuwa mtumwa, na tangu utotoni alikua akicheza mtaani watu wanamrushia visenti. Kwa hiyo hata yeye alikua mtoto msanii, sema hakuna kamera iliyomfuata.

Naomba mtu yeyote aitafute hiyo sini aiangalie taratibu. Mtoto hataki kwenda kulala, Robinson anaigiza mtumishi wa nyumba, anamwambia atamuonyesha namna mpya ya kupanda ngazi. Anaanza peke yake. Angalia miguu yake, hatumii nguvu kabisa, anacheza juu ya vidole, mwili wa juu umetulia kama hana haraka, lakini kila ngazi inatoa mlio wake tofauti, huku anagonga mbele ya kidato, huku anagonga juu, anapanda, anashuka, anarudi tena. Alikua na miaka 56 hapo, viatu vyake vya soli ya mbao, na mlio wake msafi mpaka ukifumba macho bado unajua mguu uko wapi. Halafu anampa mtoto mkono na wanapanda wote. Shirley ana miaka 6, miguu mifupi, haiwezi kufanya yote anayofanya mzee, kwa hiyo anapiga kidato kwa ncha ya kiatu ili apate mlio unaokosekana na bado yuko kwenye mdundo. Hapo Robinson anapunguza vishindo vyake, anamuachia mtoto nafasi, haringi. Kwangu mimi ule ndio ualimu wenyewe, na unaonekana palepale kwenye filamu bila mtu kuelezwa.

Mtoto nae simnyimi haki yake hata kidogo. Yule binti alikua na kipaji cha kweli na akili ya kushika haraka, kuanzia 1935 mpaka 1938 hakuna staa aliyemzidi kwa kujaza majumba ya sinema Marekani, na alipokuja kuandika maisha yake mwaka 1988 alieleza kwamba katika zaidi ya dola milioni 3 alizoingiza alikuta zimebaki kama elfu 44 tu. Kwa hiyo nae alinyonywa. Lakini hakuwahi kumsahau Robinson, alimuita Anko Billy maisha yake yote, na alisema wazi kwamba yule mzee hakuwahi kuongea nae kama kitoto, alimchukulia kama mwenzake wa kazi. Huyuhuyu Shirley ndo aliekuja kuwa balozi wa Marekani Ghana mwaka 1974, wasomaji wengi wa huku kwetu wangependa kulijua hilo na kwenye makala halimo.

Sasa kwa nini nimekereka na ile picha. Marekani ya wakati ule, hasa majimbo ya kusini, mtu mweusi na mzungu walitenganishwa kwenye shule, kwenye mabasi, kwenye hoteli, kila mahali. Hawa wawili ndo wanatajwa kuwa wa kwanza, mweusi na mzungu, kucheza densi pamoja kwenye filamu ya Hollywood, na filamu ilipopelekwa kusini vile vipande walivyoshikana mikono vilikatwa. Yaani mwaka 1935 walikata mkono, na sisi tumekata mtu mzima tukaacha mkono. Najua aliyepanga ukurasa hakuwa na nia mbaya, labda nafasi ilikua ndogo, lakini kwa picha hii haifai. Naomba Jumamosi ijayo mrudishe picha nzima na jina lake chini yake.

Na msiseme tu ni filamu tamu ya familia. Ni ya Kentucky baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, babu ni kanali wa upande ulioshindwa, yaani wa kusini, anamfukuza binti yake kwa sababu kaolewa na mtu wa kaskazini, na watu weusi wote humo ni wa kupika na kufungua milango, hata Hattie McDaniel ambae mwaka 1940 alichukua Oscar, na usiku ule wa tuzo akakalishwa meza ya pembeni. Mzazi akikaa na wanae kuiangalia awaeleze hayo.

Robinson alifariki 1949 New York hana hela, pamoja na zote alizopata, nyingi aligawa. Kule kwao Richmond aliwahi kulipia taa za kuongozea magari kutoka mfukoni mwake baada ya kuona watoto wanavuka kwa hatari, na mwaka 1973 wakamjengea sanamu hapohapo.

Kama safu hiyo inaendelea, nawaomba muiandike filamu ya Stormy Weather ya 1943. Humo Robinson ni mhusika mkuu, hafungulii mtu mlango, yuko na mwimbaji Lena Horne, na waigizaji wakuu wote ni weusi, halafu kuna wale ndugu wawili wa Nicholas wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana vichwani na kutua miguu imepanuka. Mkiiandika wekeni majina yote, na la mkubwa Fayard na la mdogo Harold.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro