Kwa Shabani, kuhusu ile Subaru ya Raskazone

Chumbageni,
Tanga.

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto wape zao. Sisi huku wazima. Barua yako nimeipata pamoja na picha, na nimezitazama moja moja. Unauliza kama ulinunue lile Impreza WRX la mwaka 2003, kilomita 214,000, ulitengeneze polepole huko Korogwe. Bodi ikiwa nzima, nunua. Bodi ikiwa imeliwa, liache hata wakikukatia nusu ya bei. Injini yenyewe ihesabu imekwisha tangu leo, na bei uiongee ukiwa umeshalijua hilo.

Nasema hivi kwa sababu injini ya EJ20, ambayo ndiyo ya gari hili, utaipata iliyotumika Dar, ukienda Ilala na subira yako. Bodi huipati popote. Na Raskazone unaijua: gari likilala pale miaka miwili mitatu, upepo wa bahari unaingiza chumvi kila upenyo, na kutu inaanzia ndani kwenda nje. Rangi inang'aa, huku chini kumeoza.

Kwa hiyo anzia nyuma. Fungua buti, toa zulia na tairi la akiba, umulike tochi pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu. Ukiona bati limevimba au limepasuka kuzunguka zile boliti, funga buti uage. Kisha matao ya magurudumu ya nyuma: chukua sumaku, ivishe kitambaa, ipitishe taratibu. Isiposhika, ujue pale pamejazwa puti. Mwisho ingia chini ya gari, gonga kwa mpini wa bisibisi mahali pa kuwekea jeki na krosimemba ya nyuma, ule mhimili unaokatiza chini ya gari. Bati zima hulia kwa sauti kavu. Lililooza huitika kama boksi.

Bodi ikipita, njoo kwenye injini, na uikute ya baridi. Mwambie mwenyewe mapema asiiwashe. Kabla ya ufunguo, chomoa dipstiki: hii injini inabeba oili lita nne na ushee tu, na wengi wanaiacha ishuke. Ikishuka, kona moja kali inatosha kuinyima pampu oili, na beringi za konrodi, zile fimbo zinazobeba pistoni, zinakwenda. Ikishapata moto, ipandishe hadi mizunguko 3,000, kisha achia ghafla. Mlio mzito wa kugonga wakati inashuka ni wa konrodi. Hapo hakuna matengenezo madogo.

Kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, lazima ipimwe; usikubali neno la mtu. Injini iwe ya moto na betri imejaa. Toa plagi zote nne, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata hadi mshale wa geji usimame; kila silinda hivyo hivyo. Plagi zake ziko ubavuni, zimebanana na chasisi, kwa hiyo tenga saa nzima na uwe na ekstensheni fupi. Betri na boksi la filta ya hewa vitoke kupisha mkono, na betri uirudishe kabla ya kupiga stata. Kipimo cha kiwandani ni psi (kipimo cha mgandamizo) 142 hadi 171, na silinda zisipishane zaidi ya psi 7. Itazame sana namba nne, ndiyo inayosumbua mara nyingi: pistoni hupasuka pale ringi zinapokaa. Gari la soko la Japani lilipangwa kwa petroli ya oktani 100, isiyolipuka ovyo ikibanwa, na yetu haifiki huko. Mtu akiongeza nguvu ya turbo au akafunga bomba kubwa la moshi bila kuipanga upya kompyuta ya injini, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndiyo inayoumia.

Silinda moja ikiwa chini, fundi atakwambia amwagie oili kidogo apime tena. Kwa injini hii usimsikilize, kwa kuwa silinda zake zimelala na oili haienei kuzunguka ringi. Sukuma hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, halafu sikiliza. Ikitokea mdomo wa kujazia oili ni ringi, kwenye bomba la moshi ni valvu, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Taiming belti, mkanda unaoendesha valvu, hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo kwenye gari hili ilipaswa kubadilishwa mara mbili. Kama hakuna risiti, hesabu haijabadilishwa: belti, tensiona inayoikaza, roli zote pamoja na ile yenye meno, na wota pampu, vyote kwa mkupuo mmoja. Belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikishushwa, badilisha na bomba linalofyonza oili ndani yake, maana lina tabia ya kupasuka.

Giaboksi utaisikia ukiwa njiani kwenda Pongwe: gia ya tatu ikisaga ukiiingiza haraka, tayari ina gharama. Halafu tafuta uwanja mkavu, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke taratibu. Gari likijikaza na matairi yakiruka, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekwama. Mara nyingi chanzo ni matairi yasiyolingana, basi ya kwako yawe manne ya aina moja na yaliyolika sawa.

Namba ya chasisi na ya injini uzilinganishe na kadi, na ukague deni la faini kabla hujatoa hata shilingi. Pesa nyingine inayolingana na bei uiweke kando kwa matengenezo. Na kwa kwenda kazini bakia na pikipiki yako, maana gari hili litakaa juu ya mawe miezi.

Jumamosi njoo na basi la alfajiri. Geji na jeki ninazo. Wewe lete tochi, na ile sumaku ya spika mbovu uliyokuwa ukiichezea.

Wako,
Mbwana