Sele, usishike mkasi kwanza

Sele mwanangu,

Niaje huko Muheza, mguu wa bi mkubwa umepoa? Nisalimie sana, mwambie bada lake nimelimisi vibaya mno. Zile picha za albamu ya babu nimeziona zote, nimezikuza kwenye simu mpaka bando likakata, na nimeelewa unachotaka, unataka kuwakata wale manamba, vibarua wa mkataba wa shamba la mkonge, uwabandike upya kwenye picha nyingine. Poa. Ila kabla hujaanza kuna jamaa mmoja naomba umtafute, anaitwa Sammy Baloji, Mkongo, kazaliwa Lubumbashi 1978, kulekule Katanga Kiswahili kinakopigwa mpaka sokoni.

Huyu alianzia kwenye katuni bana, chuo akasoma mambo ya kompyuta na mawasiliano, baadaye akawa anapiga picha majengo ya kikoloni na viwanda vya Katanga, na huko ndo akakutana na picha za zamani za kampuni ya shaba. Kampuni yenyewe ni Union Minière ya Wabelgiji, imeanza 1906, Mobutu akaja kuitaifisha 1967, ndo ukoo wa hii Gécamines ya sasa, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Sasa hawa watu walikuwa wanapiga picha balaa, mitambo, mabosi, vibarua wamepangwa mstari, na we unazijua picha za kampuni zilivyo, kibarua anapigwa kama winchi, hakuna anayemuuliza kitu.

Kati ya 2004 na 2006 jamaa akatoa mfululizo unaitwa Mémoire. Anamchukua kibarua wa enzi hizo, anamtoa kwenye picha yake ya blaki en waiti, anamsimamisha kwenye picha ya rangi aliyopiga mwenyewe, mgodi au kiwanda kilivyo sasa hivi, vyuma vimeliwa na kutu, mabati hamna, na nyuma lile jilima la mabaki ya shaba. Kazi yote kafanyia kwenye kompyuta, na kama angetaka kuwatia rangi wakafanana na mandhari angeweza, hakutaka, kawaacha na ukijivu wao kwahiyo unaona kabisa walipounganishwa. Na mabosi wa kizungu nao wamo, wamesimama na kofia zao katikati ya magofu. Kwakweli nilicheka kidogo af kicheko kikaniishia.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Watu wengi wanaofanya kolaji, hizi picha za kukata na kubandika, akili yote iko kwenye mtu wa kukata, wanasahau kujiuliza wanampeleka wapi. Ukimtoa manamba shambani ukamuweka juu ya maua ya kitenge na mawingu ya pinki, sawa, atapendeza, laiki zitakuja, ila kawa pambo la ukutani. Baloji anawarudisha palepale kazini kwao, kazi ndo haipo. Na Lubumbashi hilo linauma kwa namna yake, maana wapo wazee wanaoikumbuka kampuni kwa wema, mshahara, nyumba, shule, hospitali, mgao wa unga, na kampuni hiyohiyo Desemba 1941 vibarua wake waligoma kudai nyongeza wakamiminiwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni. Picha moja inabeba hayo yote, na jamaa hakuambii ulie kwa lipi.

Kuna nyingine ya 2013, Essay on Urban Planning, hiyo nayo kiboko. Kachanganya picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka juu angani na picha za wadudu wa makumbusho, inzi na mbu waliochomwa pini. Ukiangalia mji kutoka juu unaona ule ukanda mtupu uliotenganisha mitaa ya wazungu na ya weusi, eti mbu wa malaria asivuke. Na kuna picha ya zamani ya 1929 ya kampeni ya inzi, enzi hizo kibarua alitakiwa alete inzi 50 kwa siku ndo apewe posho yake ya chakula. Hamsini Sele! Hapo hata kukata hajakata mtu, kaweka vitu viwili pembeni kwa pembeni basi. Ile ya 2011 aliyoionyesha kwenye makumbusho ya Tervuren Ubelgiji, picha za msafara wa utafiti wa Katanga wa yule ofisa Mbelgiji Charles Lemaire, 1898 mpaka 1900, juu ya michoro ya rangi za maji ya msafara uleule, mi haikunishika sana, we iangalie labda utaona tofauti.

Kwahiyo babaangu, orijino usiziguse. Skani zote, mbele na nyuma, maana nyuma kuna maandishi ya kalamu na sijui kama umeyaona, ile ya foleni ya mizani nahisi kuna majina. Af nenda korona ya zamani, kile kiwanda cha kusindika mkonge, upige picha mwenyewe, simama alipokuwa amesimama mpiga picha, jua la asubuhi kama kwenye ile albamu, vivuli visije vikagombana. Na kabla hujamkata mtu yeyote mpelekee yule mzee jirani yenu aziangalie, anaweza kukuonyesha baba wa mtu unayempita kila siku hapo stendi.

Skana ya huku kwetu iko wazi wikiendi, albamu usimpe kondakta, njoo nayo mwenyewe. Nauli ya kurudi ntakutoa.

Wako,
Dulla